Mizinga ya Umma: Historia ya Wapiga Mizinga wa Kujitolea wa Paris, 1789–1871

Utangulizi

Katika madarasa ya itikadi, kila panapozungumzwa habari za dola, huzuka swali hili: Je, umma ukishapata silaha, umeshika dola? Wengi hujibu upesi kwamba ndiyo. Hujibu hivyo kwa sababu wamefundishwa, na ni kweli, kwamba dola ni chombo cha tabaka moja kulitawala tabaka jingine, na kwamba nguzo zake ni jeshi, polisi, mahakama na magereza. Basi huona kuwa nguzo ya kwanza ikishahamia mikononi mwa wavujajasho, kazi imekwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki iligharimu maisha ya maelfu ya watu. Tumechagua mfano mmoja, nao ni wapiga mizinga wa Walinzi wa Taifa wa mji wa Paris, Ufaransa. Hawa hawakuwa askari wa kudumu. Walikuwa mafundi, makarani, wanafunzi, wenye maduka na wafanyakazi wa viwandani, ambao mchana walifanya kazi zao na kwa zamu walifanya mazoezi na kulinda mtaa. Katika miaka 82, kuanzia 1789 hadi 1871, vikosi vyao viliundwa na kuvunjwa mara kadhaa. Kila mara watawala walipoogopa umma, kitu cha kwanza walichotaka kunyang'anya kilikuwa mizinga. Hapana budi tujiulize kwa nini.

Mzinga si bunduki

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa tufahamu tofauti ya silaha hizi mbili. Bunduki ni silaha ya mtu mmoja. Mwenye nayo anaweza kuificha uvunguni mwa kitanda, akaitoa siku ya haja. Mzinga haufichiki. Una magurudumu, unavutwa na farasi, unahitaji watu kadhaa wa kuujaza, kuuelekeza na kuupiga, na unahitaji ghala ya baruti na makombora. Watu hao lazima wawe wamejifunza pamoja mpaka kila mmoja ajue nafasi yake bila kuambiwa. Tena mzinga lazima uwe na mahali pa kuwekwa, na mahali hapo pawe na mlinzi usiku na mchana.

Kwa maneno mengine, mzinga ni silaha ya ushirika. Hauwezi kuwa mali ya mtu mmoja, na hauna maana bila mpangilio. Ndiyo maana katika miji ya zama zile mtaa wenye mizinga yake ulikuwa na sauti katika siasa ambayo mtaa wenye bunduki tupu haukuwa nayo. Barabara za Paris zilikuwa nyembamba. Mizinga miwili mitatu iliyowekwa mwisho wa barabara iliweza kuzuia kikosi kizima.

Mizinga ya mitaa, 1789–1795

Walinzi wa Taifa walizaliwa Julai 1789, katika siku zile zile za kuangushwa kwa gereza la Bastille. Mabwanyenye wa Paris waliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: majeshi ya mfalme yaliyouzunguka mji, na umma wenye njaa uliokuwa ndani ya mji. Walitaka chombo cha kuwakinga na yote mawili. Wakaunda mgambo wa raia, na amiri wake akawa Lafayette, mkabaila aliyekuwa amepigana upande wa Wamarekani dhidi ya Waingereza.

Chombo hicho kiliwekewa mlango mwembamba. Raia waligawanywa katika mafungu mawili, na kuwa mlinzi ikawa haki ya wale tu waliolipa kodi isiyopungua ujira wa siku 3. Kibwagizo cha siku zile kilikuwa usawa, lakini bunduki haikutolewa kwa usawa. Tena mlinzi alitakiwa kujinunulia sare, jambo ambalo kibarua hakuliweza.

Hata hivyo, katika vikosi vya mizinga mambo yalikwenda tofauti. Kazi ya mizinga ni nzito na chafu, nayo hutaka watu waliozoea chuma, mbao na kamba. Hivyo wapiga mizinga wa mitaa, iliyoitwa seksheni na ambayo tangu 1790 ilikuwa 48, walitoka zaidi miongoni mwa mafundi na wafanyakazi wa mikono. Chombo kilichoundwa na mabwanyenye kikawa na sehemu iliyofikiri kama makabwela.

Matokeo yalionekana tarehe 10 Agosti 1792. Siku hiyo umma ulilielekea jumba la kifalme la Tuileries. Mfalme Louis wa 16 alishuka asubuhi kukagua walinzi waliowekwa kumtetea, na wapiga mizinga waliokuwa uani walionyesha wazi kwamba hawatawapiga ndugu zao. Mfalme akakimbilia Bungeni. Askari wake wa kukodiwa kutoka Uswisi walipigana wakashindwa, na ufalme ukaanguka. Kisha, tarehe 2 Juni 1793, mizinga ya mitaa ilizunguka Konvensheni, ambalo ndilo lililokuwa bunge la wakati huo, na kuwalazimisha wajumbe kuwatoa viongozi wa kundi la Wagironde.

Lakini silaha hiyo hiyo ilionyesha udhaifu wake mwaka uliofuata. Tarehe 27 Julai 1794 Robespierre na wenzake walikamatwa kwa amri ya Konvensheni, kisha wakaokolewa na kupelekwa katika Jumba la Jiji. Makombania mengi ya wapiga mizinga yaliitikia mwito yakakusanyika na mizinga yao katika uwanja uliokuwa mbele ya jumba hilo. Jioni ile nguvu ilikuwa upande wao. Ila saa zilipita bila amri. Viongozi waliokuwa ndani walijadiliana. Watu waliokuwa uwanjani walisubiri. Wengi wao walikuwa na manung'uniko, kwa maana siku chache tu kabla yake mji ulikuwa umetangaza viwango vya mishahara vilivyowapunguzia wafanyakazi kipato. Ilipofika usiku wa manane wapiga mizinga walianza kuondoka kundi kwa kundi, wakavuta mizinga yao kurudi mitaani. Vikosi vya Konvensheni vilipofika, uwanja ulikuwa karibu mtupu. Robespierre aliuawa kesho yake.

Hapa pana somo la kwanza. Mpiga mizinga wa kujitolea hakai uwanjani kwa sababu ya mshahara, wala kwa kuogopa fimbo ya ofisa. Anakaa kwa sababu anajua anapigania nini. Uongozi uliopunguza ujira wake mchana haukuwa na haki ya kushangaa alipouacha usiku.

Mei 1795 njaa iliwatoa tena watu wa mtaa wa wafanyakazi wa Saint-Antoine. Walielekeza mizinga yao Konvensheni, wakapewa maneno matamu na ahadi, wakarudi nyumbani. Tarehe 23 Mei jeshi liliuzunguka mtaa wao na kuwataka wasalimishe mizinga. Walisalimisha. Miezi isiyotimia mitano baadaye, Oktoba 1795, walipoasi wenye mali wa mitaa ya kitajiri, nao hawakuwa na mizinga. Jenerali kijana aitwaye Bonaparte alikuwa amemtuma Murat usiku kuichukua mizinga 40 iliyokuwa katika kambi ya Sablons, nje kidogo ya mji. Kwa mizinga hiyo aliwashinda watu waliomzidi mara kadhaa kwa idadi. Bonaparte hakulisahau somo hilo, na mabepari wa Ufaransa hawakulisahau pia.

Kikosi cha wanajamhuri, 1830–1849

Baada ya Napoleon wafalme walirudi. Mwaka 1827 Mfalme Charles wa 10 alivunja Walinzi wa Taifa wa Paris kwa sababu walimzomea mawaziri wake. Hakuwanyang'anya silaha, naye aliiona hasara yake Julai 1830, alipoangushwa na umma katika siku tatu. Matunda ya mapinduzi hayo yalichukuliwa na mabenki na wenye fedha, ambao walimweka mfalme wao, Louis-Philippe.

Walinzi wa Taifa walifufuliwa, pamoja na kikosi cha mizinga chenye sehemu nne. Vijana waliotaka Ufaransa iwe jamhuri walijiunga huko kwa wingi. Walikuwemo Godefroy Cavaignac na Guinard, viongozi wa wanajamhuri; alikuwemo mwandishi Alexandre Dumas; na mwishoni mwa mwaka 1830 alijiunga pia Évariste Galois, kijana wa miaka 19 ambaye kazi yake katika hisabati inasomwa hadi leo katika vyuo vikuu vyote vya dunia. Kikosi kilikuwa shule ya siasa kuliko ilivyokuwa shule ya vita. Mazoezi ya mizinga yaliwapa wanajamhuri jambo ambalo sheria iliwanyima, yaani nafasi ya kukutana, kujadiliana na kuchagua viongozi wao.

Desemba 1830 mawaziri wa mfalme aliyeangushwa walikuwa mahakamani, na umma ulitaka wauawe. Mizinga ya kikosi iliwekwa katika jumba la Louvre. Serikali iliingiwa na hofu kwamba wapiga mizinga wangewakabidhi wananchi mizinga hiyo. Jambo hilo halikutokea, lakini tarehe 31 Desemba amri ya mfalme ilikivunja kikosi chote. Watu 19 walishtakiwa kwa kula njama. Aprili 1831 wazee wa baraza waliwaachia huru. Katika karamu ya kusherehekea ushindi huo Galois aliinua kikombe na kisu akitaja jina la mfalme, akakamatwa, kisha akaachiwa. Tarehe 14 Julai 1831 alikamatwa tena akiwa amevaa sare ya kikosi kilichokwisha vunjwa, na kwa kosa hilo akafungwa miezi 6. Alikufa Mei 1832 katika pigano la watu wawili, kabla ya kutimiza miaka 21.

Angalieni, ndugu wasomaji, jinsi dola ilivyofanya kazi yake. Hapakuwa na kombora hata moja lililopigwa. Kikosi kilivunjwa kwa karatasi, na kuvaa sare yake kukawa kosa la jinai. Mwaka huo huo sheria mpya, ya Machi 1831, ilihakikisha kwamba walinzi watakuwa watu wenye uwezo wa kulipa kodi na kujigharimia. Maofisa waliendelea kuchaguliwa kwa kura, lakini kura hiyo ilipigwa na wenye nacho. Demokrasia ndani ya jeshi la tabaka moja haibadili tabaka la jeshi hilo.

Februari 1848 hata walinzi hao wenye nacho walichoshwa na Louis-Philippe, wakakataa kumtetea, na jamhuri ikatangazwa. Milango ya Walinzi wa Taifa ilifunguliwa kwa raia wote. Lakini wafanyakazi walipodai kazi na mkate, Juni 1848, walinzi wa mitaa ya kitajiri walisimama pamoja na jeshi kuwapiga walinzi wa mitaa ya kimaskini. Sare ilikuwa moja na jina lilikuwa moja, lakini matabaka yalikuwa mawili.

Kikosi cha mizinga kilichofufuliwa wakati huo kiliongozwa na yule yule Guinard wa 1830. Tarehe 13 Juni 1849 sehemu yake ilitoka pamoja na wabunge wa upinzani, wakiongozwa na Ledru-Rollin, kupinga hatua ya serikali ya Ufaransa ya kupeleka jeshi kuiangamiza jamhuri changa ya mji wa Roma. Hoja yao ilikuwa ya haki: katiba ya Ufaransa yenyewe ilikataza kutumia nguvu dhidi ya uhuru wa taifa jingine. Lakini wafanyakazi, waliokuwa bado wanazika watu wao wa Juni 1848, hawakutoka kuwaunga mkono. Jeshi liliwatawanya. Guinard alihukumiwa, na kikosi kikavunjwa tena. Miaka miwili na nusu baadaye Louis Bonaparte aliipindua jamhuri.

Mizinga iliyonunuliwa kwa michango, 1870–1871

Sasa tunafika katika sura kubwa ya historia hii. Julai 1870 Napoleon wa 3 aliingia vitani dhidi ya Prussia. Tarehe 2 Septemba alisalimu amri pale Sedan pamoja na jeshi lake. Tarehe 4 Septemba Paris ilitangaza jamhuri, na kuanzia tarehe 19 Septemba mji ulizingirwa na Wajerumani. Kwa kuwa jeshi la kudumu lilikuwa limetekwa au limezingirwa, ulinzi wa mji uliangukia raia. Walinzi wa Taifa walizidi 300,000. Wafanyakazi waliokosa kazi walipewa posho ya faranga 1 na nusu kwa siku, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa riziki yote.

Upungufu mkubwa ulikuwa wa mizinga. Serikali ilisitasita. Umma haukusita. Michango ilikusanywa mitaani, katika batalioni, katika vilabu vya siasa na katika majumba ya maonyesho. Victor Hugo aliruhusu mashairi yake ya kumshutumu Napoleon wa 3 yasomwe hadharani, na mapato yakanunua mizinga. Viwanda vilivyokuwa vikiunda mashine viligeuzwa kuyeyusha shaba na kuunda mizinga ya kujazwa kwa nyuma. Mizinga mingi ilitiwa alama za batalioni zilizoichangia. Kwa hiyo kila mshona viatu na kila mfua nguo aliyetoa senti yake aliweza kusema, bila kukosea, kwamba ule ni mzinga wake.

Mji uliteseka kwa njaa na baridi miezi minne. Tarehe 28 Januari 1871 serikali ilisaini mkataba wa kusimamisha vita. Mkataba uliwaachia Walinzi wa Taifa silaha zao. Bunge jipya lililochaguliwa Februari lilijaa makabaila na wenye ardhi waliotaka mfalme, na mkuu wa serikali akawa Thiers. Hatua zake zilifuatana upesi: posho ya walinzi ilizuiwa isipokuwa kwa aliyethibitisha ufukara wake, madeni yaliyokuwa yameahirishwa wakati wa vita yakaanza kudaiwa, na wenye maduka wadogo wakatishiwa kufilisika, na Bunge likaamua kuhamia Versailles, nje ya Paris.

Mwishoni mwa Februari ilijulikana kwamba Wajerumani wataingia sehemu ya mji. Mizinga ya walinzi ilikuwa katika viwanja karibu na sehemu hiyo, na serikali haikuonyesha dalili ya kuiondoa. Walinzi, wanawake na watoto waliivuta kwa mikono na kamba hadi vilima vya Montmartre na Belleville. Karibu mizinga 170 iliwekwa Montmartre peke yake. Hivyo ndivyo umma ulivyoiokoa mali yake kutoka kwa adui wa nje, na kwa kufanya hivyo ukaiweka mbali na adui wa ndani.

Thiers alidai kwamba mizinga ni mali ya dola. Hapa swali la kinadharia lilikuwa wazi kama mchana. Dola ni nani? Waliochanga fedha walikuwa umma. Waliolinda mji walikuwa umma. Lakini kwa Thiers dola ilikuwa Bunge la wenye mali lililokimbilia Versailles, na hilo halingeweza kuitawala Paris maadamu mizinga ilikuwa kilimani.

Tarehe 18 Machi 1871, kabla ya mapambazuko, askari wa serikali walipanda Montmartre na kuikamata mizinga karibu bila upinzani. Walinzi waliokuwa zamu walikuwa wachache. Kazi iliyobaki ilikuwa kuishusha, na kwa hiyo walihitaji farasi. Farasi walichelewa. Kukapambazuka. Wanawake waliotoka kutafuta maziwa na mkate walikuta askari, wakaanza kuzungumza nao. Ngoma za hatari zikapigwa. Mwalimu Louise Michel akawa miongoni mwa waliokimbia kuwaamsha watu. Umati ukajichanganya na askari. Jenerali Lecomte aliamuru wapige risasi. Askari walikataa, wakageuza bunduki zao juu, na wakamkamata jenerali wao. Jioni ile Lecomte aliuawa pamoja na Clément-Thomas, jenerali aliyekumbukwa kwa ukatili wa 1848. Thiers alikimbilia Versailles, na mji ukabaki mikononi mwa Kamati Kuu ya Walinzi wa Taifa, watu ambao siku moja kabla hawakujulikana na magazeti.

Siku 66

Komyuni ya Paris ilichaguliwa tarehe 26 Machi na kutangazwa tarehe 28. Tarehe 29 ilifuta jeshi la kudumu na kutamka kwamba raia wote wenye nguvu watakuwa Walinzi wa Taifa. Marx aliiona hatua hiyo kuwa ya kwanza kwa umuhimu, na Lenin aliirudia katika maandishi yake ya 1917. Sisi tunakubali. Lakini kada anayeishia hapo hajamaliza somo.

Tuitazame ile mizinga. Mara baada ya tarehe 18 Machi wajumbe wa wapiga mizinga waliunda kamati yao ya mizinga. Komyuni nayo ilikuwa na Idara ya Vita. Kamati iliishika mizinga ya Montmartre. Idara iliishika iliyokuwa uwanja wa Champ-de-Mars. Na kila upande ulikataa kuutii mwingine. Hapakuwa na ghala moja. Hapakuwa na hesabu kamili ya mizinga iliyokuwepo, seuze hesabu ya makombora ya kila aina ya mzinga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wenye mamia ya mizinga ulitumia sehemu ndogo tu, na wakati mwingine mizinga ilipelekwa mahali pamoja na makombora yake mahali pengine.

Wapiga mizinga waliojua kazi walikuwa wachache, nao walichoka. Wale waliokaa katika ngome ya Issy na kwenye kuta za magharibi walipigana kishujaa, wiki baada ya wiki, dhidi ya mizinga mizito ya Versailles. Lakini zamu zao hazikupokelewa, kwa kuwa batalioni nyingi ziliona wajibu wao ni kulinda mtaa wao. Mtu aliyejitolea kulinda barabara yake hajitolei kwa urahisi kulinda barabara ya mwenzake ng'ambo ya mto. Hiyo haikuwa dhambi ya moyo. Ilikuwa kasoro ya mpangilio na ya elimu ya siasa. Maofisa waliojua vita, kama Rossel, walijaribu kuleta nidhamu; Rossel aliacha kazi tarehe 9 Mei akilalamika kwamba kila mtu anajadili na hakuna anayetii.

Na kilima cha Montmartre je? Kilisahauliwa. Majeshi ya Versailles yalipoingia mjini tarehe 21 Mei, viongozi walikimbilia kilimani wakitumaini kwamba mizinga ile itaunguruma. Waliikuta makumi kwa makumi, michafu, imepangwa ovyo. Haikuwekewa majukwaa ya mbao ya kuizuia isizame. Ilipopigwa, mikia yake ilijichimbia udongoni. Watu wa kuipiga walikuwa wachache, na makombora hayakutosha. Tarehe 23 Mei Montmartre ilianguka karibu bila mapigano makubwa. Kutoka tarehe 18 Machi hadi siku hiyo ni siku 66. Mizinga iliyosababisha mapinduzi haikuweza kuyalinda.

Mapigano yalimalizika tarehe 28 Mei. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao baada ya kusalimu amri. Hesabu za wanahistoria hutofautiana, baadhi wakitaja chini ya 10,000 na wengine hadi 20,000 au zaidi. Agosti 1871 sheria iliwavunja Walinzi wa Taifa katika Ufaransa yote. Katika 1875 lilianza kujengwa kanisa kubwa la Sacré-Cœur juu ya kilima cha Montmartre, mahali pale pale mizinga ilipokuwa imeegeshwa.

Mafunzo

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo manne.

Kwanza, kujitolea kuna tabaka. Neno "raia wa kujitolea" halitoshi kutuambia kikosi ni cha nani. Lazima tuulize: nani anaruhusiwa kuingia? Nani anagharimia sare, silaha na siku ya kazi inayopotea? Mwaka 1791 na 1831 jibu lilikuwa kodi na mfuko. Mwaka 1870 jibu lilikuwa posho ya faranga 1 na nusu, na ndiyo maana mwaka huo kikosi kilikuwa cha umma.

Pili, mwamko wa siasa ni sehemu ya silaha. Wapiga mizinga wa 1792 na askari wa Machi 1871 walishinda kwa kukataa kupiga. Jeshi lenye nguvu kuliko wao lilivunjika kwa sababu askari wake waliwaona mama zao katika umati. Lakini wapiga mizinga wa Julai 1794 waliondoka uwanjani kwa sababu uongozi ulikuwa umewasahau.

Tatu, umiliki si matunzo. Mzinga ulionunuliwa kwa jasho la umma huoza kama mzinga mwingine wowote usipopakwa mafuta. Ulinzi wa zamu, daftari la ghala, mazoezi ya kila juma na amri moja ni mambo yasiyopigiwa makofi mkutanoni, lakini ndiyo yanayoamua. Thiers alishindwa tarehe 18 Machi kwa kukosa farasi. Komyuni ilishindwa tarehe 23 Mei kwa kukosa majukwaa ya mbao na makombora. Anayedharau mambo madogo ya kazi kwa kuwa yeye ni mwanasiasa hajaielewa siasa.

Nne, demokrasia na nidhamu havipingani, ila ni lazima viunganishwe na chombo cha uongozi kinachokubaliwa na wote. Paris ilikuwa na Kamati Kuu, Komyuni, Idara ya Vita na kamati ya mizinga, na kila moja ilikuwa na mhuri wake. Wabolsheviki walijifunza hapo: walianza 1917 na Walinzi Wekundu wa viwandani, na Januari 1918 wakaunda jeshi lenye uongozi mmoja, kwanza kwa watu wa kujitolea, kisha katikati ya mwaka huo kwa kuandikisha kwa lazima.

Nchini kwetu Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulitaka mgambo uenezwe nchi nzima, miezi michache tu baada ya uvamizi wa Guinea na wiki chache baada ya mapinduzi ya Idi Amin. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliwaita wanamgambo waliojifunza kwa jioni nyingi katika viwanja vya vijiji na viwanda. Jambo hilo lina historia yake inayostahili makala yake. Hapa tunasema tu kwamba kada anayekwenda kusimamia mazoezi ya mgambo, akakuta daftari halikuandikwa na ghala haina mlinzi, asione ni jambo dogo la ofisi. Akumbuke kilima cha Montmartre.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini Walinzi wa Taifa wa mitaa ya kitajiri na wa mitaa ya kimaskini walipigana wao kwa wao Juni 1848, ingawa wote walikuwa raia wa kujitolea?

2. Thiers alidai mizinga ni mali ya dola. Walinzi walidai ni mali yao. Toeni hoja za pande zote mbili, kisha mwonyeshe kila hoja inatetea tabaka gani.

3. Kamati ya mizinga ya 1871 ilichaguliwa na wapiga mizinga wenyewe. Je, Idara ya Vita ilikuwa na haki ya kuinyang'anya mizinga? Mngefanyaje?

4. Chukueni chombo kimoja cha ulinzi au cha ushirika mnachokifahamu. Nani ana ufunguo wa ghala yake, na anawajibika kwa nani?